Kuku wa Mtani

Nilistaafu mwezi uliopita, na tangu hapo nyie vijana wa idara hamnipi nafasi, mnataka niandike. Najua mnachokitaka: nani alipandishwa cheo, nani alirukwa, nani alimtilia mwenzake fitina kwa daktari. Hayo kamuulizeni karani, faili zote anazo. Mimi nitaandika habari za dispensari yangu ya kwanza, Kasokola, miaka ya hamsini, na za bibi mmoja wa Kikonongo aliyeitwa Kalunde. Wengi wenu nimewafundisha kufunga bendeji na kuchemsha sindano. Hili la Bibi Kalunde sijamfundisha mtu, kwa sababu kila nikitaka kulianza naona aibu.

Nilitoka kwetu Ufipa na suruali mbili na cheti cha shule ya misheni. Hospitalini Mpanda nikapokelewa kama dresa wa kujifunza. Kwa nyie msiolijua neno hilo, dresa alikuwa mtu wa kusafisha vidonda na kuvifunga. Lakini daktari akiwa mbali, dresa ndiye daktari, ndiye mng'oa meno, na siku nyingine ndiye padri. Mpanda ya wakati ule ilikuwa mgodi, reli na vumbi. Siku ya kwanza nilipewa ndoo ya bendeji zilizotumika, nikaambiwa nizifue, nizichemshe, nizianike, nizikunje. Siku ya pili vilevile. Nilifua bendeji wiki sita mfululizo, mimi niliyeaga nyumbani nikisema nakwenda kuwa mganga. Mwisho nilikuwa namjua mgonjwa kwa bendeji yake kabla sijauona uso wake.

Aliyenitoa kwenye ndoo ni Mzee Elias. Hakuwa mzee kwa umri, ila mvi zilimwahi. Alikuwa amebeba majeruhi vitani, huko Burma, na hakupenda kuulizwa. Alikuwa na pini moja ya kutolea funza, ameinoa mwenyewe kwenye jiwe, anaiweka kwenye mfuko wa shati ndani ya kipande cha pamba chenye spiriti. Nimeona sindano nyingi za Ulaya tangu wakati ule, sijaona kifaa kilichotunzwa hivyo. Alinifundisha kuingiza ncha pembeni ya funza, siyo katikati, umtoe mzima na mfuko wake wa mayai bila kumpasua. Akanifundisha na jambo lingine, siku moja mgonjwa alipokataa kukatwa kidole na mimi nikaanza kubishana naye.

"Mgonjwa akikataa usigombane naye," aliniambia. "Ondoka, rudi siku nyingine umuulize tena. La kwanza ni woga. La pili ni aibu. Akikataa mara ya tatu, hilo sasa ni lake mwenyewe."

Nikamuuliza, je, akifa? Akasema hata wanaokubali hufa, akaendelea na kazi yake.

Mwaka uliofuata nikapelekwa Kasokola. Nilipewa baiskeli, sanduku la dawa, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia sindano, na daftari la wagonjwa. Dispensari ilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye bati juu, na mimi nyuma yake nilikuwa na chumba changu cha kulala. Watu walipenda sindano kupita kiasi. Mtu akiumwa jino anataka sindano, akiteguka mguu anataka sindano, mke akimkimbia anakuja kuuliza kama sina sindano yake. Ukimpa mtu vidonge anakutazama kama umemnyima chakula. Nilikuwa kijana, nilijiona mtu mkubwa, na nilipita kijijini kwa baiskeli nikipiga kengele hata pasipo na mtu njiani.

Habari za Bibi Kalunde nilizipata kwa masengenyo kabla sijamwona. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kijiji, inapakana na mashamba ya mihogo. Mumewe alikuwa mrina asali, amekufa. Alizaa watoto watano, akawazika wote watano. Baada ya kumzika mumewe akaacha kufagia. Halafu akaacha kuezeka, halafu akaacha kuoga. Mtoto wa dada yake, Mikaeli, ambaye kwa desturi ni mwanawe kabisa, alikuwa akifanya kazi mgodini na kurudi Kasokola Jumapili. Mke wa Mikaeli alimpelekea ugali kila siku, na kila siku bibi aliwamegea kuku sehemu kubwa.

Nilikwenda mara ya kwanza asubuhi moja baada ya kumaliza foleni. Nikapiga hodi. Sauti ikauliza ndani, nani huyo? Nikasema ni dresa, jina langu Gervas, mtu wa Ufipa. Loo! Bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Mfipa! Pita ndani, mchawi wewe. Ungo umeuegesha wapi?"

Hapo ndipo lazima niwaeleze, kwa maana siku hizi mambo haya yanapotea. Mfipa na Mkonongo ni watani. Mtani anaweza kukuita mchawi, mwizi, mlafi, na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Anaingia kwako, anachukua jembe lako, unacheka. Na mtu akifa, mtani wake ndiye anayekaa mlango wa kaburi, anazuia watu wasizike mpaka apewe haki yake, na haki hiyo mara nyingi ni kuku. Yeye ndiye anayemwigiza marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, ili waliofiwa wapate kucheka kidogo na kulia vizuri. Basi mimi kwa Bibi Kalunde sikuwa dresa. Nilikuwa mtani, na mlango uliokuwa umefungwa kwa kijiji kizima nilifunguliwa mimi.

Ndani palikuwa na harufu nzito. Majivu yalikuwa yamejaa jikoni mpaka yamefunika mafiga. Kwenye paa niliona mbingu mahali pawili. Chini ya kitanda alilala kuku mwekundu wa kishingo, naye akanitazama kama mwenye nyumba. Bibi mwenyewe alikuwa mdogo kwa umbo, amejifunga kaniki ambayo rangi yake haikujulikana tena, na miguu yake ndiyo iliyonishtua. Funza walikuwa wamejaa kwenye vidole vyote, kucha zimetoka, nyayo zimepasuka. Alikuwa anatembea kwa visigino. Nikamwambia aje dispensari nimsafishe. Akasema hataki, na kwamba Mfipa akishika mguu wa mtu anautafutia supu. Nikacheka, nikaenda zangu.

Niseme wazi ili mtu asije akanitetea: akili yake ilikuwa nzima kuliko yangu. Alijua siku ya wiki. Alijua ni binti wa nani ana mimba, na kwa nini mama yake hasemi. Alinipa asali ya mwisho iliyobaki kwenye kibuyu cha mumewe, akaniambia miti ambayo mumewe aliitundikia mizinga, mmoja mmoja, na njia ya kuifikia. Nilizoea kupita kwake. Kwa kweli nilikuwa naupenda mlango ule, maana mimi mwenyewe nilikuwa mgeni Kasokola, na hakuna mwingine aliyenitania.

Mara ya pili nilikwenda na karai, chumvi, dawa ya zambarau na pini. Alipoliona karai akaificha miguu ndani ya kaniki, akageuka upande. "Sitaki," akasema, safari hii bila mzaha, kwa sauti ya chini. Nikakumbuka maneno ya Mzee Elias: la kwanza woga, la pili aibu. Nikajipongeza kwamba mwanafunzi mzuri nimekuwa. Nikarudi na karai langu.

Sasa, kijijini maneno yalikuwa yanamwelemea Mikaeli. Baada ya misa ya Jumapili, na kwenye pombe, watu walikuwa wakiuliza ni mwana gani huyo anayevaa viatu vya mgodi na mama yake anaoza ndani. Alinijia siku moja, hakukaa hata kwenye kiti, akaniuliza ataweka wapi uso wake. Akasema amekwisha mpigia bibi magoti, hasikii. Wakati huohuo ikaja taarifa kwamba Bwana Afya, mkaguzi wa usafi, anatembelea vijiji vya upande wetu. Naandika ukweli: Mikaeli aliona aibu yake, nami nikaona yangu. Nilitaka Bwana Afya akute kijiji safi na dresa hodari. Tukakubaliana tumchukue bibi mpaka hospitali Mpanda, aoshwe, atolewe funza, na huku nyuma nyumba yake isafishwe. Kitu gani kibaya hapo? Mpaka leo nikiupitia mpango ule kipande kimoja kimoja sikioni kibaya.

Tulikwenda asubuhi, watu sita: mimi, Mikaeli, na vijana wanne wa kubeba machela. Majirani wakatoka kutazama. Bibi alikuwa ameketi kizingitini anapata jua, kuku wake miguuni. Nikamwambia tumekuja kumchukua. Nikamuuliza, kwa sababu nilikumbuka kwamba mara ya tatu lazima iulizwe, kama anakubali.

Alitutazama wote, akaanza na Mikaeli akamalizia kwangu.

"Nimeosha watu maisha yangu yote," akasema. "Nimeosha watoto watano wakizaliwa, nikawaosha wakifa. Baba yenu nimemwosha. Anayeoshwa na mwenzake ni mtoto au maiti. Mtoto mimi siyo. Mkiniosha mtakuwa mmeniua, na huyu Mfipa ndiye atakayekuja kudai."

Watu wakacheka. Ilikuwa imekaa kama utani, jamani. Imeanza kwa kifo na kumalizia kwa Mfipa, namna watani wanavyosema kila siku. Na mimi, mbele ya watu, sikutaka kushindwa maneno na bibi. Nikamjibu:

"Mwosha huoshwa, mtani! Leo zamu yako. Na kuku wangu ndiye huyuhuyu hapa, nimekwisha mwona, mtunzeni."

Majirani walishika mbavu. Bibi akanipiga bega kwa fimbo yake, wakacheka zaidi, nami nikarukaruka kama nimeumia sana. Vijana wakamwinua. Akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Mikaeli alishindwa, akarudi nyuma, basi nikaenda mimi. Vidole vyake nilivifungua kimoja kimoja, kwa upole, kama tulivyofundishwa kumfungua mgonjwa aliyeshika kitanda. Kumi vyote.

Njiani niliendelea na utani. Nilimwambia Wakonongo ni watu wa kulamba nta, nilimwambia kabila lake lilipewa akili na nyuki. Hakujibu. Tulipoiona reli nikatoa tusi langu kubwa kuliko yote, lile ambalo hakuna Mkonongo aliyewahi kuliacha lipite hivihivi. Bibi alikuwa anatazama juu, kwenye majani ya miti. Kijana mmoja aliyekuwa amebeba upande wa kichwani akaniambia taratibu, "Dresa, acha." Mtani ambaye hajibu si mtani tena. Nilijua hivyo tangu utotoni, na nilikuwa na nafasi ya kuwageuza wale vijana warudi. Sikuwageuza.

Hospitali ilifanya kazi yake vizuri, sina lawama nayo. Wauguzi walimwosha, wakamnyoa, kaniki ikachomwa, akavishwa gauni la wodi. Mzee Elias mwenyewe alitoa funza kwa ile pini yake, siku mbili, mguu baada ya mguu. Huku Kasokola sisi tukazoa majivu, tukachoma matandiko, tukaezeka paa. Kila nilipopata nafasi niliendesha baiskeli kwenda kumwona. Alikuwa amelala ameelekea ukuta. Uji alikunywa vijiko viwili, akafumba mdomo. Nilimsalimia kwa heshima, shikamoo bibi, hakuitika. Nilimwita mtani, hakuitika. Hakumsemesha mtu yeyote mle ndani, hata Mikaeli.

Mzee Elias aliniita pembeni, karibu na pale nilipokuwa nafulia bendeji. Akaniuliza nilimuuliza mara ngapi. Nikasema mara tatu, kama alivyonifundisha. Akauliza mara ya tatu alisemaje. Nikamweleza neno kwa neno, na yeye hakucheka.

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilicheka."

Akaifunga pini yake ndani ya pamba, akairudisha mfukoni. "Basi mara ya tatu hukuuliza," akasema.

Nilimwomba daktari tumrudishe bibi nyumbani, akakubali. Akasema Jumamosi kuna lori linalopita upande ule. Bibi Kalunde alifariki Alhamisi. Daktari aliandika kichomi. Mimi ndiye niliyeshika shuka wakati wa kumfunika, nikaiona miguu yake: nyayo zimefunga, ngozi mpya imeota kati ya vidole, hakuna funza hata mmoja. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona mikononi mwa Mzee Elias. Nililia pale wodini mbele ya wagonjwa.

Tukamrudisha Kasokola kwa lile lori. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba yake, karibu na la mumewe. Nilikaa nyuma kabisa ya watu, nikitaka nisionekane, lakini Mfipa pale kijijini alikuwa mmoja tu. Mikaeli alinifuata, macho mekundu. "Dresa, mtani ni wewe," akasema. "Usituache tumzike kimya kama mtu asiye na ndugu."

Basi nikaenda. Nikazuia kaburi kwa mikono, nikadai haki yangu. Nikatembea kwa visigino, hivi, mkono mmoja umeshika fimbo, kama alivyokuwa akitembea. Bibi wawili wa rika lake wakacheka na kulia papo hapo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nikamwigiza anavyowamegea kuku ugali. Watu wakaniitikia. Halafu mtu mmoja akasema, "Sasa sema kama yeye!"

Nilifungua mdomo nitafute tusi lake moja la Wafipa, alikuwa nayo mengi. Likatoka lingine, kwa sauti yake kabisa:

"Anayeoshwa na mwenzake ni mtoto au maiti. Mtoto mimi siyo."

Hakuna aliyecheka. Wale vijana wanne wa machela walitazama chini. Mikaeli akakaa kwenye udongo uliochimbwa. Nilibaki nimesimama na fimbo ya marehemu mkononi, sijui niende wapi, mpaka mmoja wa wale bibi akasema, "Mpeni kuku wake, watu wazike."

Wakamleta yule mwekundu wa kishingo, amefungwa miguu kwa ukili. Haki ya mtani haikataliwi. Ukiikataa unamtukana maiti. Nikampokea.

Mtaniuliza, je, ningemwacha aishe kwa funza mle ndani? Sijui, wanangu. Miaka michache baadaye, upande wa Kibaoni, nilikuta mzee mwenye donda mguuni aliyekataa hospitali, akakataa mara tatu, na nilimwuliza kwa uso mkavu kila mara. Nilimwacha. Nilikwenda kila Jumanne nikamsafishia pale alipokubali, siyo zaidi. Alifia kitandani kwake, na wanawe wakanisema vibaya mpaka nilipohamishwa. Kwa hiyo sina kanuni ya kuwaachia. Ninachojua ni kwamba yule mzee alikuwa ananijibu salamu mpaka siku ya mwisho.

Yule kuku nilimfungua miguu nilipofika dispensari. Nilidhani atakimbia. Jua lilipoinama akaingia chumbani kwangu mwenyewe, akapita chini ya kitanda, akalala. Nilimwacha. Wiki ile ile Bwana Afya akafika kwenye ukaguzi wake. Aliisifu Kasokola. Nyumba ya Bibi Kalunde, iliyofagiwa, yenye paa jipya na isiyo na mtu, aliiandika kama mfano kwa vijiji vingine. Mwisho akataka kuona na chumba changu. Akainama, akamwona kuku chini ya kitanda, akashangaa dresa wa serikali analala na kuku. Akaniambia nimtoe nje mara moja.

"Sitaki," nikamwambia.

Bwana Afya alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, naye ni mtani wangu. Alicheka sana, akanipiga bega, akapanda baiskeli yake akaenda zake.